Kadi ya kura Lubumbashi: kazi nzuri, wino dhaifu, na mstari wa asili

Simama asubuhi mbele ya kibanda chochote cha kutolea pesa za simu hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (manispaa ndogo za mji) za Kenya au Katuba, utaona kila anayefika anatoa kitu kilekile mfukoni: kadi ya kura. Watu wa hapa wanaiita karte tu, bila kuongeza neno, kwa kuwa hakuna nyingine ya kuichanganya nayo. Kitambulisho cha taifa kilizinduliwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2023, rais akakabidhiwa cha kwanza, lakini ugawaji haukuwafikia raia wa kawaida. Kwa hiyo kadi hii ya CENI, tume ya uchaguzi, iliyotengenezwa kwa ajili ya siku moja ya kura kila miaka mitano, ndiyo inayobeba kazi za siku zote zilizobaki: kufungua akaunti benki, kusajili namba ya simu, kupanda ndege kwenye uwanja wa Luano, kusaini mkataba wa nyumba, kumjibu polisi usiku.

Tunaipima hapa kama chombo cha kazi: inapatikanaje, inadumu kiasi gani, inakosea wapi. Na kwa kuwa mji huu hauchoki kujadili ni jambo gani linalowagawa watu zaidi katika siasa, tunasema mapema kwamba jibu limechapwa kwenye kadi yenyewe. Ni ule mstari wa asili, unaotaja eneo ambako ukoo wa baba yako ulitoka.

Usoni kuna picha, majina, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama, asili, anwani, namba ya mwenye kadi na ya kituo alikojiandikishia, pamoja na saini. Majina ni matatu: jina, postino (la pili, la mababu) na prenomi (la Kikristo). Mpangilio huo tumeurithi kutoka enzi za Mobutu, mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku na watu wakatakiwa kuchukua la mababu mahali pake. Majina ya Kikristo yalirudi baadaye, postino ikabaki, na hapo ndipo makosa mengi ya kadi hii yanapozaliwa.

Katika Haut-Katanga, mkoa wa mji huu, uandikishaji wa mwisho ulifunguliwa tarehe 25 Januari 2023, ukapangiwa siku 30, kisha ukaongezwa muda. Utaratibu si mgumu. Unafika kituoni, mara nyingi shuleni, unachukua jetoni ya foleni, unaonyesha karatasi inayokutambulisha, na kama huna unaleta mashahidi ambao wamekwisha kujiandikisha hapohapo. Karani anajaza fomu kwa kalamu. Mwenzake anaiingiza kwenye mashine, anakupiga picha, anachukua alama za vidole, anachapa kadi, unasaini, unaondoka nayo. Unajiandikisha unakoishi, hata kama kijiji cha baba yako kiko mbali. Huduma ni bure kwa sheria, na anayeomba pesa ili akupe jetoni anaomba rushwa. Askari na polisi hawapigi kura, kwa hiyo wao hawaandikishwi.

Hatari iko kati ya kalamu na mashine. Karani aliyezoea Kifaransa anaandika anachosikia: Mwamba anakuwa Muamba, Chibangu anakuwa Tshibangu, Kiungu anakuwa Kyungu. Mengine ni tahajia mbili halali za jina moja, lakini kompyuta ya benki haijui hilo. Inalinganisha herufi kwa herufi, na ikikuta tofauti moja pesa inabaki ndani. Kosa la pili ni postino kuandikwa mahali pa prenomi. Kwa nje halionekani, mpaka siku ndugu aliyeko Kolwezi atume pesa kwa majina mawili yaliyopinduka. Dawa ni moja: andika majina yako matatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye cheti chako cha shule au cha kuzaliwa, umpe karani akopi. Kisha soma skrini kabla hajabonyeza kuchapa. Kabla ya kuchapa, kurekebisha ni suala la dakika moja. Baada ya hapo ni safari za ofisini, na kadi yenye kosa inaendelea kukufuata.

Wino ndio udhaifu mkubwa wa toleo la 2023, na hapa hatuwezi kuwa wapole. Kadi nyingi zilianza kufifia kabla hata ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo. Picha inageuka kivuli, kisha majina yanapungua, mwishowe mtu anabaki na kipande cheupe chenye nembo. CENI ililazimika kutoa nakala mpya kwa waliofutikiwa, na foleni zake ziliwachosha watu waliokuwa wamekwisha kupanga foleni ya kwanza miezi michache tu nyuma. Kwa bidhaa inayotakiwa kudumu miaka mitano, huo ni ushindwaji wa wazi.

Aliye na kadi inayosomeka bado anaweza kuiokoa. Ipige picha pande zote mbili leo, siyo mwezi ujao, uitume kwa mtu wa nyumbani ili picha isipotee pamoja na simu. Itengenezee fotokopi mbili, moja uipeleke komini ikathibitishwe kwa muhuri. Kadi yenyewe iweke kwenye kifuko kigumu cha plastiki. Mfuko wa nyuma wa suruali una jasho na msuguano, na nyuma ya simu kuna joto. Kote huko inakwisha haraka. Usikubali mtu wa fotokopi aipitishe kwenye mashine ya moto ya kubandika plastiki akidai anaiimarisha, kwa sababu joto hilo linaweza kumaliza maandishi yaliyobaki. Ukiipoteza, anza na hati ya upotevu inayotolewa na komini. Hati hiyo inakusaidia kwa muda kwenye vizuizi, lakini si kila benki inaikubali.

Kwa kazi ya utambulisho peke yake, mbali na wino, kadi hii inastahili sifa. Ilifika mahali ambapo hakuna karatasi nyingine ya serikali iliyowahi kufika. Walioandikishwa walikuwa milioni 25 na zaidi mwaka 2005, milioni 32 mwaka 2011, milioni 40 kwa ajili ya 2018, karibu milioni 44 mwaka 2023. Mama anayeuza makaa Rwashi, ambaye hajawahi kuwa na cheti chochote, ana namba na picha yake. Hilo ni jambo kubwa, na anayeidharau kadi hii kwa sababu ya wino peke yake hajui watu walikuwa wanaishi vipi kabla yake.

Sasa tuje kwenye mstari wa asili.

Dirishani mazungumzo huwa mafupi. "Uko wa wapi?" "Wa Katuba." "Hapana. Baba yako wa wapi?" Mtu amezaliwa Katuba, baba yake amezaliwa Katuba, babu yake ndiye aliyeshuka kwenye treni. Bado kwenye mstari ule litaandikwa jina la eneo ambalo huenda hajawahi kulikanyaga: Ngandajika, Kabinda, Mwene-Ditu. Mstari wa mahali pa kuzaliwa unasema Lubumbashi. Mstari wa asili unasema Kasai, eneo jingine la nchi. Kadi moja, mtu mmoja, majibu mawili, na katika siasa za mji huu ni jibu la pili linalohesabiwa.

Treni hiyo haikuja kwa bahati. Union Minière, kampuni ya madini, iliundwa mwaka 1906, mji ukaanza mwaka 1910, na kampuni ikahitaji mikono kuliko ilivyoweza kupata karibu. Ilichukua watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kutoka Rwanda, na kwa wingi kutoka Kasai. Reli ya BCK ilipokamilika mwaka 1928 na kuunganisha Bukama na bandari ya Ilebo, njia ya Kasai ikawa wazi kabisa. Kampuni ikaamua wafanyakazi wakae na wake na watoto wao, ijenge nyumba, shule na hospitali. Wakasai wengi walikuwa wamesoma misheni, wakawa makarani na watu wa reli. Wenyeji waliwaona wakikaa kwenye viti ambavyo wao hawakupewa, kwenye ardhi ya kwao. Malalamiko hayo hayakuzuliwa na wanasiasa. Yalikuwepo, na wanasiasa waliyakuta.

Kura ya kwanza kabisa ya mji huu iliyathibitisha. Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa komini, na nafasi nyingi za ukuu wa komini zikachukuliwa na watu ambao asili yao haikuwa Katanga, jimbo la mji huu wakati huo. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1958, chama cha Conakat kilizaliwa kutetea wanaoitwa Wakatanga halisi, Godefroid Munongo akiwa kiongozi wake wa kwanza, Moïse Tshombe akifuata. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga. Mwaka 1992 na 1993, chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Wakasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Waliitwa bilulu, wadudu. Familia zililala wiki nyingi kwenye stesheni zikisubiri mabehewa, watoto wakafa hapo kwa kuhara na surua. Wazee wa pande zote mbili wanakumbuka vizuri, ndiyo maana swali la "uko wa wapi" halijawahi kuwa swali la kawaida hapa.

Wengi hawalitazami jambo hili: jina la mtu halitoshi kumtenga. Ilunga, Kalala, Kabongo, Ngoy: hayo ni majina ya Waluba wa Katanga na ya Waluba wa Kasai pia, kwa sababu ufalme ulikuwa mmoja na Kalala Ilunga ni babu wa simulizi za pande zote mbili. Ukimsoma Ilunga Kalala kwenye orodha ya waombaji kazi, huwezi kujua ni wa Kamina, Katanga, au wa Mbujimayi, Kasai. Lugha nayo haikusaidii, maana wote wanaongea Kiswahili cha hapahapa. Ni kadi inayofumbua fumbo. Karani wa ajira, mwenye nyumba, askari wa kizuizi cha barabarani, kila mmoja jicho lake linashuka mpaka mstari ule kisha linasimama.

Na mstari wenyewe unakosea hata kwa vipimo vyake. Walamba, Wasanga, Wabemba na Wakaonde, watu wa kusini mwa Haut-Katanga na Lualaba, wanafuata ukoo wa mama. Waluba wanafuata wa baba. Mtoto wa mama Mulamba na baba Muluba wa Kasai, kwa desturi ya mama ni wa hapa kamili, ana wajomba, ana ardhi. Kwa desturi ya baba ni wa Kasai. Fomu ina nafasi moja, na karani anauliza upande wa baba. Kwa hiyo kadi inamfanya mgeni mtu ambaye desturi ya Walamba wenyewe inamtambua kuwa mtoto wa nyumbani. Ndoa za namna hiyo ziko kila avenyu ya Kamalondo.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: mstari huu una kazi gani katika kura? Hauna. Karatasi ya kura haiulizi asili. Daftari linapangwa kwa kituo. Katiba ya 2006, ibara ya 30, inampa kila Mkongomani haki ya kukaa popote nchini, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi wa kabila na wa makazi. Kinachohesabiwa ni kichwa, mahali kilipoandikishwa.

Na hesabu hiyo ya vichwa ndiyo inayoupa mstari nguvu isiyostahili. Sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika mwaka 1984. Bila sensa, viti vya Bunge vinagawanywa kwa idadi ya walioandikishwa: chukua karibu milioni 44, gawanya kwa 500, unapata karibu wapigakura 88,000 kwa kiti kimoja. Wilaya isiyojiandikisha inapoteza viti, inayojiandikisha kwa wingi inaongeza. Basi kila uandikishaji unageuka shindano la jamii. Vijana wanaosema Lubumbashi "wanakuja kuandikishwa ili watuchukulie mji" wanajua hesabu hii vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Wanachokosea ni hitimisho. Mkasai aliyejiandikisha Kampemba anaongeza hesabu ya viti vya Lubumbashi, si vya Mbujimayi. Kwa hesabu tupu, kila mgeni anayechukua kadi hapa anaunenepesha mji wa hapa.

Desemba 2023 ilionyesha jinsi watu wanavyousoma uchaguzi kwa macho ya mstari huo. Félix Tshisekedi, wa Kasai, alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 73. Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, akapata 18. Hapa mjini kampeni ilitafsiriwa moja kwa moja kuwa Kasai dhidi ya Katanga, na bei ya unga wala hali ya barabara ya Kasenga havikupata nafasi. Kabla ya hapo kulikuwa na pendekezo la sheria la 2021, linalojulikana kwa jina la Noël Tshiani, lililotaka urais na nafasi nyingine za juu zibaki kwa wenye baba na mama Wakongomani. Baba yake Katumbi alikuwa Mgiriki wa Kiyahudi kutoka Rhodes. Kila mtu alielewa linamlenga nani. Halikupita. Angalia kilichotokea hapo: mtu ambaye hapa anahesabiwa mwenyeji, Kinshasa aliulizwa swali lilelile ambalo wafuasi wake wengine wanawauliza majirani zao.

Mashariki swali hilo lina uzito wa vita. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950, sheria ya 1981 ikaufuta uraia huo wa pamoja, sheria ya Novemba 2004 ikafungua tena mlango kwa makabila yaliyokuwepo mwaka 1960. Kila zamu iliacha watu wenye karatasi ambazo jirani hazitambui. Na mwaka 2023 Masisi na Rutshuru, maeneo ya Kivu ambayo sehemu kubwa zilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, hazikuandikishwa kama maeneo mengine.

Yako mambo mengine yanayogawa, ni kweli. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Septemba 2019, imewagawa wazazi na walimu: wazazi walipumua, walimu wakapoteza nyongeza waliyokuwa wanalipwa na wazazi, madarasa yakajaa kupita kiasi. Kurudishwa kwa utekelezaji wa hukumu ya kifo Machi 2024 kumewagonganisha serikali na maaskofu. Kubadilisha katiba kunawasha redio kila jioni. Kutoa mimba, jambo ambalo Marekani linaamua kura za majimbo mazima, hapa halikuwa hoja ya kampeni ya 2018 wala 2023. Lakini katika yote hayo utamkuta Mkasai na Mkatanga upande mmoja, wakilalamika pamoja juu ya darasa la watoto 80. Swali la asili peke yake ndilo linalowatoa kwenye benchi moja.

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya bidhaa ni hii. Kwa kuenea kwake, kadi inapata alama za juu kabisa. Kwa uchapishaji wa 2023, alama mbili kati ya kumi, na hizo mbili ni kwa zile zilizobahatika. Kwa mpangilio wa uso wake, tunaomba CENI jambo moja kabla ya uandikishaji wa uchaguzi wa 2028: asili itoke usoni. Kama sheria inaihitaji kuthibitisha uraia, ibaki kwenye fomu na kwenye mashine, aione afisa mwenye sababu ya kuiona. Nafasi itakayobaki itumike kwa herufi kubwa zaidi za majina, ambazo wazee wanazihitaji na zitachelewa kufutika. Mahali pa kuzaliwa na anwani vinatosha kumtambulisha mtu kwa benki, kwa polisi na kwa mwenye nyumba.

Kwa anayeandikishwa chini ya fomu ya sasa: jaza asili kwa ukweli, kwa sababu kudanganya kwenye fomu kunaweza kukufutia kadi, na kwa mtoto wa ndoa ya mchanganyiko hakikisha angalau jina la mama limeandikwa kamili, maana ndilo pekee litakaloonyesha upande wake wa pili. Na ukiwa dirishani unatoa pesa, kinachohitajika ni picha, majina matatu na namba. Kadi inaweza kushikwa mkononi mwako huku kidole gumba kimekaa juu ya mstari wa asili, karani akasoma vyote anavyovihitaji.